Puli Ambayo Haikuzungushwa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua faili lolote, Inspekta Yeshimebet alikunywa kahawa kwenye ngazi za nyuma za kituo cha polisi cha Dejen. Etete Shewaye, mama aliyeuza kahawa pale tangu kituo kikiwa na chumba kimoja, aliweka kigoda chake chini ya ukingo wa paa, akapepea makaa, akammiminia kikombe cha kwanza bila kuulizwa. Mvua za mwezi wa Sene zilikuwa zimeanza. Ukungu ulipanda kutoka bonde la Abay na kufunika uwanja mzima.

"Hebu nisomee hii, mwanangu," alisema Etete, akimpa kopo la maziwa ya unga. "Kijana wangu kanitumia kutoka Jibuti. Maziwa, katikati ya mfungo. Akili zake amezisahau huko huko."

"Yataharibika mwaka 2025."

"Na sisi tuko 2016. Basi yatanizika haya. Watu watakuja matangani wayakute bado mazuri."

"Etete, hiyo ni miaka ya wazungu. Kwao 2025 ni mwakani tu."

"Najua. Niache nifurahi kidogo."

Yeshimebet alicheka, akainua kikombe. Hakikufika mdomoni. Honi ya lori ililia getini, mara mbili, kisha sauti ya Konstebo Belete ikapenya kwenye ukungu.

"Inspekta! Injini imefika. Wameipandisha kwa kamba."

Alikiweka kikombe kwenye ngazi, akasimama.

Injini hiyo ilikuwa ya basi dogo la abiria lililotumbukia bondeni wiki iliyopita, likishuka mteremko wa Abay. Mwalimu Yirgalem, aliyekuwa akienda Addis kumwona daktari wa macho, alikufa papo hapo. Wengine walivunjika mikono na mbavu. Dereva, kijana aitwaye Demelash, alisema injini ilijizimikia yenyewe na breki zikawa ngumu. Hakuna aliyemwamini. Ufunguo ulikutwa umezungushwa upande wa kuzima, na mji mzima ulijua kuwa madereva huzima injini kwenye mteremko ule ili kubana mafuta. Injini ikizimwa, breki hukubali mara mbili tatu, kisha hukataa.

Kilichommaliza Demelash hasa ni maneno ya fundi. Gashe Aderaw, ambaye gereji yake ndiyo iliyobadilisha mkanda wa taimingi wa basi lile, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, siku chache kabla ya ajali, alikuwa ameapa kwamba ndani ya injini hakukuwa na kitu kibovu. Mjini Dejen, watu walimpa cheo hicho cha Gashe, cha kumheshimu mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Tena alikuwa mjomba wa Demelash, ndiye aliyemlea. Mjomba akisema mpwa wake ana hatia, nani atabisha?

Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa tisa alasiri. Likifika kama lilivyo, Demelash angefungwa kwa kuua.

*

Kwenye ushoroba Yeshimebet alipishana na askari wa zamu aliyebeba kopo la chakula.

"La nani?"

"La dereva. Limeachwa getini tena. Mwenyewe hatumwoni, anaweka gizani na kuondoka."

Yeshimebet alilichukua, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Kifuniko kilikuwa kimefutwa vizuri, ila kwenye ukingo palibaki alama ya kidole gumba, nyeusi, ya grisi. Ndani mlikuwa na mkate wa injera uliokunjwa kwa uangalifu na shiro la mfungo, mchuzi wa unga wa dengu usio na tone la siagi.

Alilipeleka mwenyewe.

Demelash alikuwa amekaa chini, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa. Alilitazama kopo kwa muda, kisha akalivuta karibu bila kulifungua.

"Unamjua anayekuletea?" aliuliza Yeshimebet.

"Mtu mwenye huruma."

"Nataka unieleze tena. Taratibu."

"Nimeshaeleza, dada. Mara ngapi? Nilikuwa gia ya pili. Nikasikia mlio, kama mtu anavunja kuni. Gari likashtuka. Nikakanyaga klachi, injini ikafa. Nikakanyaga breki, ikakubali. Mara ya pili ikakubali kidogo. Mara ya tatu ni kama nimekanyaga ukuta."

"Ufunguo uliuzima wewe?"

"Ningeuzima saa ngapi? Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani."

"Kabla ya siku ile, baada ya mkanda kubadilishwa, gari lilikuwa na sauti yoyote usiyoizoea?"

Demelash aligeuza kopo upande mmoja, akaligeuza upande wa pili.

"Gari lote lile ni kelele. Mlango unalia, viti vinalia, abiria wanalia nauli."

"Mimi sikuulizi mlango."

"Basi muulize Gashe. Yeye ndiye fundi. Akisema injini ilikuwa nzima, ilikuwa nzima."

"Hata kama maneno hayo yanakufunga?"

Yeshimebet alisubiri. Kwa kawaida watu hawakuvumilia kimya chake, walikijaza wenyewe. Demelash alifungua kopo, akamega kipande cha injera, akakishika tu mkononi.

*

Waliiweka injini juu ya matairi chakavu, chini ya turubai. Yeshimebet alikunja mikono ya shati. Kabla ya upolisi alikuwa amesoma ufundi wa magari chuoni Bahir Dar, na mpaka leo mfuko wake wa spana ulikaa kwenye kabati la ofisi pamoja na sheria za barabarani.

Alianza mbele. Kava la taimingi lilikuwa limepasuka kona moja, limefunikwa matope. Akalifungua, akaliweka kando. Mkanda ulikuwa mahali pake, mpya, maandishi yake bado yanasomeka. Ila upande mmoja meno yote yalikuwa yameliwa, yamebaki laini kama ukanda wa suruali. Unga mweusi wa mpira ulikuwa umegandia kwenye gia ya chini.

"Mkanda mbovu," alisema Belete.

"Mkanda umeonewa. Tazama."

Alizungusha tenshena, kile kigurudumu kinachokaza mkanda, kwa kidole. Ilizunguka ikikwaruza. Akaigusa puli iliyo juu yake, ile inayoongoza mkanda. Haikusogea. Akaishika kwa vidole vyote, akailazimisha. Haikusogea. Ubavu wake ulikuwa na rangi ya buluu, rangi ambayo chuma hupata kikiungua.

"Beringi imekauka, imejishika. Puli ikasimama, mkanda ukaendelea kuburutwa juu yake mpaka meno yakaisha. Mkanda ulikuwa mpya, ila jirani yake ndiye aliyeuua."

Akagusa na pampu ya maji. Ilizunguka, lakini ilicheza huku na huku, na chini yake palikuwa na mchirizi mkavu wa kahawia wa maji yaliyokuwa yakivuja kwa muda mrefu. Sili peke yake, zile pete za mpira zinazozuia oili, ndizo zilizokuwa mpya kama mkanda.

"Sasa hiyo inatwambia nini kuhusu dereva?" Belete aliuliza. "Huenda puli ilikuwa mbovu, na yeye pia alizima."

"Ndiyo maana tunafungua juu."

Kazi ya kufungua kichwa cha injini iliwachukua sehemu kubwa ya asubuhi. Kilipotoka, Yeshimebet alichukua tochi, akainama. Valvu zilikuwa zimepinda. Juu ya kila pistoni palikuwa na alama zilizochimbika, zinang'aa, za valvu zilizogongwa si mara moja.

"Njoo uone. Injini iliyozimwa, pistoni zake zimesimama. Hizi ziligongana na valvu zikiwa mbioni. Mkanda ulimaliza meno injini ikiwa inafanya kazi. Demelash hakuizima."

Belete alitazama alama zile muda mrefu. Kisha akavua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi.

"Lakini ufunguo, Inspekta."

"Ndiyo. Ufunguo. Nani alifika kwanza bondeni?"

"Mimi."

"Ulikuta nini?"

"Taa za dashibodi zinawaka. Dizeli inanuka kila mahali. Nikaogopa moto, nikaingiza mkono dirishani, nikau..."

"Ukauzima."

"Nikauzima."

"Na hukusema."

"Hakuna aliyeniuliza, Inspekta. Waliniuliza ufunguo ulikuwa upande gani. Nikawaambia ukweli."

Yeshimebet alimpa spana azifute.

Sasa Demelash alikuwa na nafasi. Lakini faili lisingesimama kwa mguu mmoja. Mwendesha mashtaka angeuliza: puli iliyokauka vile ilifikaje chini ya mkanda mpya, mikononi mwa fundi bora kuliko wote mjini? Fundi yeyote anajua kuwa kufungua taimingi ni kazi ndefu, na ukishafika pale hubadilishi mkanda peke yake ukaacha wazee wanaouzunguka.

Alichukua kava lililopasuka, akalimwagia mafuta ya taa, akalisugua kwa tambara. Matope yalitoka. Chini yake, kwa rangi nyeupe ya brashi, palikuwa na mchoro mdogo wa puli na pampu, na kando yake: 3/2016.

Mafundi wengi huandika hivyo ndani ya kava, ili atakayefungua baadaye ajue vitu vilibadilishwa lini. Mwezi wa tatu ni Hidar. Hidar ya mwaka huu. Kwa hiyo puli na pampu zilikuwa na umri wa miezi tu.

Yeshimebet aliirudia puli ya buluu. Beringi gani inayozeeka hivi kwa miezi?

"Bandia," alisema Belete. "Mwenye gari kanunua vitu bandia."

Ilikuwa inawezekana. Yeshimebet aliing'oa puli, akaitia mfukoni, akalifunga kava kwenye gazeti na kulibana kwapani.

*

Bi Enanu, mwenye basi, aliuza misumari na mabati karibu na kituo cha mabasi. Siku hiyo alikuwa amejitanda shuka jeupe lenye pindo jeusi, kwa sababu mchana angekwenda kukaa matangani kwa Mwalimu Yirgalem.

"Usinitazame hivyo, binti," alisema kabla ya salamu kuisha. "Bonde sikulizaa mimi."

"Nataka kujua ulichonunua. Mkanda ulipobadilishwa."

"Mkanda na sili. Nilikwenda mwenyewe Addis, dukani kwa mtu ninayemwamini. Gashe Aderaw hanunui kitu cha mteja hata siku moja, ili asije akasemwa."

"Puli hukununua?"

"Sikununua."

"Tenshena? Pampu ya maji?"

"Nilimuuliza. Nikamwambia, Gashe, mafundi wengine wakifungua hapo hubadilisha na ndugu zake wote, vipi wewe? Akasema hivyo vingine ni vipya, nisipoteze fedha yangu. Siku hiyo nilimheshimu zaidi. Fundi mwingine angeninyoa."

Basi si bandia. Yeshimebet alihisi swali likimponyoka, akalishika upande mwingine.

"Vipya vya nani, Bi Enanu? Vilibadilishwa na nani?"

"Waliokuwa nalo. Nitajuaje?"

"Hidar gari lilikuwa wapi?"

"Halikuwa nchini. Lilikuja Tahsas, mwezi uliofuata, juu ya lori, kutoka bandarini Jibuti. Lilikuwa la wajenzi fulani wa kigeni. Wakamaliza kazi yao wakaondoka, likabaki uani mwao linachomwa na jua. Nililitia matairi mapya yote manne kabla halijavuka mpaka, yale ya zamani yalikuwa yamepasuka kama visigino vya mkulima."

"Lilikaa uani muda gani?"

"Miaka. Muuzaji mwenyewe alisema halijaguswa miaka."

Yeshimebet alifunua gazeti, akalitazama kava. Watu ambao hawajaligusa gari kwa miaka hawawezi kuwa wamelibadilishia puli Hidar iliyopita. Na mjenzi wa kigeni akiwa Jibuti hahesabu Hidar. Akasikia sauti ya Etete na kopo lake la maziwa. Mwezi wa tatu wa 2016, kwa wale walioishika brashi ile, ulikuwa Megabit ya 2008 kwa hesabu ya Habesha. Puli ilikuwa na miaka minane, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa imesimama juani, grisi ikikauka ndani ya beringi.

Ulikuwa ukweli mtupu ulioandikwa pale. Ila uliandikwa na mtu wa miaka mingine.

"Swali la mwisho," alisema. "Demelash alikuambia chochote kuhusu gari, baada ya matengenezo?"

Bi Enanu alirekebisha shuka begani.

"Kwangu hakusema. Lakini asubuhi ya safari alichelewa kupakia. Nilipomgombeza akasema alipitia gereji."

*

Gereji ya Gashe Aderaw ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, mikaratusi nyuma yake, na shimo la kufanyia kazi lililofunikwa mbao. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, anasafisha vidole kwa sabuni ya unga. Karibu naye palikuwa na kopo tupu la chakula, linalofanana kabisa na lile la kituoni.

Alisimama kumpokea. Wakaulizana habari za usiku, za nyumbani, za mvua, za mfungo, mpaka adabu ikatimia.

"Gashe," alisema Yeshimebet, "ukifungua mkanda wa taimingi, unaamuaje cha kubadilisha na cha kuacha?"

"Umekuja kusoma kwangu? Wewe umetoka chuo."

"Nimekuja kusikia wewe."

Alikausha vidole kimoja kimoja.

"Mkanda unatoka, hilo halina mjadala. Sili zinatoka, maana oili ikivuja kwenye mpira umekwisha. Pampu, kama inazungushwa na mkanda huo huo, naitoa hata ikiwa inaonekana nzima, kwa sababu sitaki kurudi hapo kabla ya mkanda kuzeeka. Tenshena na puli nazizungusha kwa kidole, sikio karibu. Zikikwaruza zinatoka. Zisipokwaruza, naangalia umri wake. Zikishakula nusu ya maisha ya mkanda, zinatoka."

"Kwenye basi la Bi Enanu ulitoa mkanda na sili tu."

"Mkanda uliingiwa na oili, sili ya mbele ilikuwa inavuja. Vingine vilikuwa vipya. Nimeshaapa. Unataka niape tena?"

"Ulizizungusha?"

Kitambaa kilisimama kwenye kidole cha shahada.

"Nilikuwa nimesoma umri wake. Kwa nini nizizungushe?"

"Nawe ukaamini Demelash alizima injini."

"Nilishamfumania mwaka juzi. Mteremko ule ule. Nikamchapa kofi mbele ya abiria wake. Akaniapia hatarudia." Sauti yake ilikuwa ngumu. "Mwalimu Yirgalem alimfundisha mwanangu kusoma. Ulitaka niseme uongo kwa sababu aliyemuua ni wa damu yangu?"

"Hapana. Ulisema unachokijua."

Aliliweka kava kwenye benchi, akafunua gazeti.

"Nisomee."

"Hidar, mwaka huu."

"Aliandika nani?"

"Fundi aliyelifungua kabla yangu."

"Wewe ukiandika ndani ya kava, unaandikaje?"

"Jina la mwezi. Kwa herufi zetu. Kila fundi wa hapa..."

Kidole chake kilisimama kwenye namba.

"Gari lilitoka Jibuti," alisema Gashe Aderaw, kama anajisemea.

"Wajenzi wa kigeni. Liliingia Tahsas. Lilikuwa limesimama juani miaka."

Gashe Aderaw aliliinua kava, akaliweka karibu na macho, akalipeleka mbali. Namba zilikuwa zile zile. Midomo yake ilianza kuhesabu, ikaacha, ikaanza upya. Akakaa.

"Minane," alisema.

Yeshimebet alitoa puli mfukoni, akaiweka mbele yake. Mzee aliigusa kwa kidole kimoja, kama alivyosema huwa anafanya. Haikuzunguka. Akaigusa tena.

"Ingenikwaruza siku ile," alisema. "Hata kama haikuwa imejishika. Ningeisikia. Kidole kimoja tu."

"Injini ilikuwa inafanya kazi mkanda ulipokwisha. Alama ziko kwenye pistoni. Demelash alisema kweli."

Mvua ilianza kugonga mabati. Gashe Aderaw aliikusanya puli na kava pamoja, akavifunga kwenye gazeti lile lile, akayakunja makunjo yake sawasawa.

"Kabla ya kuondoka siku ile," Yeshimebet aliuliza, "alipitia hapa. Alitaka nini?"

"Alisimama pale getini. Akasema, Gashe, gari linaimba. Nikamwambia mkanda mpya huimba, utazoea. Akacheka. Akasema sawa. Akaendelea kusimama, mpaka nikamuuliza kama ana jingine. Akasema hana."

"Ulikwenda kulisikiliza?"

Alitikisa kichwa. Kisha akanyoosha mkono kulichukua kopo tupu, akakumbuka ni tupu, akaliacha.

"Twende," alisema. "Andika yote. Usiniandikie kwa heshima."

"Huenda usirudi nyumbani leo, Gashe."

"Najua. Acha nifunge shimo, mtu asije akatumbukia."

Alikagua mbao za shimo moja moja, akaweka tairi juu yake, ndipo akachukua koti.

*

Faili lilifika kwa mwendesha mashtaka kabla ya saa tisa, likiwa na kurasa ambazo asubuhi hazikuwapo: alama za pistoni, maelezo ya Belete kuhusu ufunguo, maelezo ya Gashe Aderaw yenye sahihi yake. Mwendesha mashtaka aliyasoma amesimama. Akasema dereva apelekwe nyumbani kwa dhamana, na fundi abaki.

Yeshimebet alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Gashe Aderaw alikuwa nyuma yake.

Demelash aliposikia hatua aliinua macho, akamwona mjomba wake, akajaribu kusimama haraka, kama mtu anavyosimama mkubwa akiingia. Mkono wake uliofungwa ulimwelemea. Mzee alimshika begani akamrudisha chini, kisha na yeye akakaa chini, kwenye saruji, bila kuvua koti.

Kopo la asubuhi lilikuwa ukutani. Limeliwa, limeoshwa.

"Shiro lilikuwa na chumvi nyingi," alisema Demelash.

"Mkeo yuko kwao. Nilipika mwenyewe."

"Nilijua. Unaikunja injera kama karatasi ya gesketi."

Askari wa zamu alitaka kucheka, akatazama uso wa Yeshimebet, akaacha.

"Demelash," alisema Gashe Aderaw. "Puli ilikuwa ya zamani. Niliusoma mwaka wa wazungu nikadhani ni wetu. Sikuizungusha. Injini ilikufa yenyewe kama ulivyosema, nami nilisimama mbele ya watu nikasema wewe ni muongo."

Demelash alitazama mikono ya mzee, vidole vilivyosafishwa ambavyo grisi ilikuwa bado kwenye mikunjo.

"Hukujua, Gashe."

"Ulikuja getini. Ulisema linaimba."

"Nilisema linaimba."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

"Kama ulikuwa na jingine siku ile, liseme sasa. Sitakukatiza."

Nje Etete Shewaye alikuwa anazima makaa kwa maji, na mvuke wake ulisikika ukichemka. Yeshimebet, aliyezoea kuwasubiri watu, alijikuta anatazama sakafu.

"Sikutaka uone nakusahihisha kazi yako," alisema Demelash. "Wewe ndiye uliyenifundisha kushika spana. Lakini halikuwa linaimba, Gashe. Lilikuwa linalia. Na mimi nilikuwa naogopa. Nilisimama pale getini kwa sababu nilitaka uniambie nisiende."